Dole la Mama Magadi

Sehemu ya Tisa

Nyinyi mliolikunja gazeti wiki jana mkasema mwandishi huyu ana roho mbaya, rudini mkae. Mama Magadi yuko palepale tulipomwacha, ofisini kwa wakili, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, karatasi ya kurasa nne mbele yake na swali moja linamsubiri.

"Mama, dole hili ni lako?"

Alama ilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa nne, ya wino wa buluu, imekolea vizuri, kila mstari wake wazi. Juu yake palichapwa maneno ambayo Mama Magadi hakuweza kuyasoma, lakini wakili alikuwa amemsomea mara mbili: kwamba yeye, kwa hiari yake, amezihamisha hisa zake zote sitini za kiwanda cha sabuni na kumpa mwenzake, Bi Lebo.

Kwa aliyechelewa kuingia, Bi Lebo ni yule rafiki aliyekuwa mbia wake kwa miaka ishirini na miwili. Mama Magadi akipika sabuni, Bi Lebo akibuni lebo na kuipeleka madukani. Wiki tatu zilizopita, Bi Lebo huyohuyo alimkabidhi barua ya kuachishwa kazi katika kiwanda alichokianzisha Mama Magadi mwenyewe, uani kwake, kwa sufuria moja.

Mama Magadi alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, kiganja kikitazama dari.

Wakili, binti wa miwani minene ambaye Mama Magadi angeweza kumzaa, aliinama akalitazama dole gumba. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akatazama tena. Dole lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Halikuwa na mstari hata mmoja. Miaka yote ile ya kukoroga magadi makali, yale yanayochemka yenyewe ukiyatia majini, ilikuwa imeila ngozi ya vidole vyake mpaka ikasahau imezaliwa na nini.

"Mama," wakili akasema taratibu, "tumeshinda."

Akamweleza kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu njiani. Mkataba ni makubaliano. Mmoja anatoa pendekezo, mwingine analikubali, kila upande unatoa kitu chake, na wote wanafanya hivyo kwa hiari yao na akili zao timamu. Pasipo ridhaa hakuna mkataba, hata karatasi ingepigwa mihuri mia. Yule aliyeliweka dole hili si Mama Magadi, basi Mama Magadi hakukubali kitu. Karatasi hii, wakili alisema, inafaa kufungia sabuni.

Lakini Mama Magadi alikuwa na swali lake, lililomkosesha raha tangu siku ya barua. Mtu anafukuzwaje katika kitu chake?

Wakili akavuta kiti karibu. Mlipokuwa mnapika na kuuza wawili bila karatasi yoyote, alimwambia, ule ulikuwa ubia. Kiwanda kilikuwa nyinyi, na nyinyi mlikuwa kiwanda, kikianguka mnaanguka nacho mpaka kitanda mnacholalia. Miaka mitatu iliyopita mkakisajili kuwa kampuni. Siku ile mlizaa mtu. Kampuni mbele ya sheria ni mtu mzima, ana jina lake, anashtaki na kushtakiwa, na masufuria yote ni yake, kiwanja ni chake. Nyinyi mkabaki na hisa, na mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli. Wewe sitini, Bi Lebo arobaini. Kauli ilikuwa yako mpaka ilipotokea karatasi hii.

"Kumbe nilizaa mtoto akanifukuza," Mama Magadi akasema.

Wakili alicheka. Mama Magadi hakucheka. Aliivuta karatasi karibu ili aone ni nani aliyethubutu.

Hakuwa akisoma. Alikuwa akitazama, na katika kutazama hakuna aliyemshinda. Huyu ni mwanamke aliyejua kwa jicho tu kwamba mafuta yamekamatana na magadi, au yanataka kukorogwa dakika tano zaidi. Aliifuata mistari ya lile dole ilivyojizungusha, mmoja ndani ya mwingine, mpaka akafika katikati. Pale palikuwa na mstari mweupe usioshika wino, umepita mshazari kutoka ukingoni mpaka chini ya ukucha.

Akaondoa mkono kwenye karatasi.

Alikijua kile kidonda. Alikiosha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, akakifunga kwa kipande cha aproni yake, siku ile mtoto wa miaka tisa alipoushika waya wa kukatia sabuni na kuuvuta kama wavutavyo watu wazima. Mtoto alilia kidogo. Mama alilia mpaka jioni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisema nguoni. Labda waliona haya kusema tumboni.

"Mbona umenyamaza?" wakili akauliza. "Unamshuku mtu?"

"Hapana."

"Kuna mtu amewahi kukuwekea dole mahali, kwa ruhusa yako? Niambie sasa, mama, nisije nikasikia kesho mbele ya hakimu. Ukizoea kumruhusu mtu akuwekee dole, sheria inaweza kumwita wakala wako, na alichokifanya kikawa kama umekifanya wewe. Na kama kwa hili hukumruhusu, basi ameghushi. Kughushi ni jela."

"Hakuna mtu," akasema Mama Magadi.

Alimdanganya wakili wake mwenyewe, msomaji, na mimi simlaumu.

Ukweli ulikuwa huu. Dole lilianza kumkataa miaka kumi na mitano nyuma. Kwenye kusajili laini ya simu mashine ilimkataa, benki ikamkataa, na karani mmoja akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, wewe huna dole." Watu walicheka. Tangu siku hiyo, ikija karatasi yoyote kiwandani, iwe ya kupokea mapipa ya mafuta au kibali cha magadi, Mama Magadi alikuwa akiita tu, "Njoo uniwekee dole," na bintiye anakuja mbio. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeona kosa. Damu si moja? Wakorogaji wakampa mtoto jina la utani, wakamwita Dole, na jina likamganda. Hata siku ya kusajili kampuni, dole lililokwenda kwenye jalada la msajili halikuwa la mwenye hisa sitini. Lilikuwa la bintiye.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama Magadi alishuka ngazi za ofisi ile akiushika ukuta, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyemfundisha mwizi wake kazi.

* * *

Saa nane mchana alikuwa kwenye geti la kiwanda. Mlinzi, ambaye kila mwezi alikuwa akipewa vipande vya sabuni vilivyokatika vibaya apeleke kwake, alisimama bila kumtazama usoni. Alitoa daftari la wageni.

"Samahani, mama. Wamesema niandike kila anayeingia. Niandike umekuja kwa nani?"

"Andika nimekuja kwa mwanangu."

Akaandika. Kwenye nafasi ya sahihi alisitasita, kisha akaweka yake mwenyewe na kufungua geti.

Harufu ilimpokea kabla ya watu. Sufuria la tatu lilikuwa limezidishiwa magadi, alijua kwa pua tu, na mkorogaji hakuwa amegundua. Ulimi ukamwasha kusema. Akapita.

Binti alikuwa ofisini, chumba kidogo chenye rafu za lebo, akipanga oda za wiki. Miaka ishirini na saba, nywele amezibana nyuma, shati limepigwa pasi. Alipomwona mama yake alisimama, kisha akaketi tena.

Mama Magadi hakusalimu. Aliuchukua mkono wa kushoto wa mwanawe, akaugeuza, akalipitisha dole lake laini juu ya kovu. Wakakaa hivyo. Binti hakuuvuta mkono.

"Alikudanganya," mama akasema. "Alikwambia ni fomu ya kawaida, ukaweka dole kama siku zote. Sema hivyo tu, mwanangu. Nitakuamini."

Ule ulikuwa mlango, na aliufungua wote wazi. Binti alihitaji kupita tu.

"Nilisoma, mama. Kurasa zote nne."

Mama Magadi aliketi juu ya katoni la lebo.

"Kwa nini?"

Sauti ya binti ilikuwa ya mtu aliyeyasema maneno yale kichwani kwa miaka mingi.

"Tangu nina miaka kumi na miwili mimi ni dole lako. Nimewekea mafuta yako, nimewekea kiwanja chako, nimewekea kampuni yako. Siku ile kwa msajili, yule bwana aliuliza wanahisa ni wangapi. Ukasema wawili. Wewe na Bi Lebo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni yako, mama. Wino haujanikauka. Hukugeuka hata kunitazama."

Mama Magadi aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka kuwa siku ya furaha.

"Zile sitini nilikuwa nakutunzia wewe," akasema. "Nani mwingine? Nina nani mwingine mimi?"

"Hukuniambia."

"Vyangu si vyako? Hilo nalo ni la kuambiwa?"

"Bi Lebo aliniambia. Alinikalisha kwenye kiti akaniuliza nataka nini. Hajawahi mtu kuniuliza hivyo hapa. Ameniahidi hisa ishirini."

Mama Magadi, asiyejua kusoma hata jina lake, alimtazama mwanawe msomi.

"Amekuandikia?"

Nje mtu aliburuta ndoo. Binti alianza kupanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika.

"Bi Lebo amenilea," akasema mwishowe. "Kwake neno ni neno."

"Mimi nami nilisema hivyohivyo. Miaka ishirini na miwili."

Kwa dakika moja binti akafanana na yule mtoto wa waya. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa tangu mama aingie. Kesho, mbele ya hakimu, atasema dole ni la nani?

Mama Magadi aliinuka, akaliegemeza lile katoni ukutani mahali pake. Alitembea polepole mpaka mlangoni, akasimama pale akiwa amempa binti mgongo. Alikuwa akisubiri neno samahani. Aliwahi kusubiri mafuta yapoe, alijua kusubiri. Halikuja, akatoka.

* * *

Moyo ulimuuma njia nzima, kuuma kwa kweli, upande wa kushoto. Lakini alipofika kwake alikuwa amekwisha piga hesabu yake, na hesabu ilikuwa fupi. Akisema ukweli, anapata kiwanda na mwanawe anapata jela. Akisema uongo, kiwanda kinakwenda na mtoto anabaki.

Kiwanda kinaanzishwa tena. Alikianza kwa sufuria moja uani, na sufuria bado zinauzwa, na mikono hii inajua kazi hata akifumba macho. Atawapikia majirani. Atakata vipande vyake kwa waya, atavipanga kwenye ubao vikauke, ataishi. Mtoto wa pekee haanzishwi tena mama akiwa na miaka hamsini na minane. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa ameamua.

Asubuhi chumba cha mahakama kilijaa. Bi Lebo aliketi mbele, nguo ya kijani, mgongo umenyooka. Ni yeye aliyemshika mkono Mama Magadi siku alipojifungua binti huyu, akimwambia sukuma, sukuma, bado kidogo. Macho yao yalikutana mara moja. Bi Lebo ndiye aliyeyaondoa ya kwake.

Binti alikuwa safu ya tatu.

Mama Magadi aliapa. Wakili wake alisogea na karatasi, amejaa ushindi mpaka masikioni.

"Mama, ieleze mahakama. Alama hii ya dole ni ya nani?"

"Yangu."

Wakili alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeamini sikio lake, akamwomba mheshimiwa radhi, akasema labda shahidi hakulielewa swali.

"Ameelewa," akasema hakimu, mzee wa sauti ya chini. "Mama, unajua umekula kiapo?"

"Najua, mheshimiwa."

"Hakuna aliyekulazimisha? Hakuna aliyekuhadaa?"

"Nilikubali mwenyewe. Kwa hiari yangu."

Mkono wake wa kushoto alikuwa ameufunga ndani ya mtandio. Hakimu aliutazama ule mtandio muda mrefu kidogo. Kisha akasema kwamba jambo likishakubaliwa na mhusika mwenyewe halihitaji tena ushahidi, na akaanza kuandika. Wakili alirudi kwenye kiti chake akaketi kama gunia lililomwagwa.

Mama Magadi alitazama safu ya tatu. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka. Mama akaona amelipwa. Machozi yale yalimtosha, asingedai zaidi.

Hapo ndipo aliposimama wakili wa Bi Lebo.

Alikuwa mzee mwembamba aliyeketi kimya tangu asubuhi, watu wakadhani amesinzia. Alisema hana maswali kwa shahidi. Ana ombi moja dogo. Kwa kuwa mama ameukubali mkataba, mahakama inukuu kwamba ameukubali wote, maana mwenye kuweka dole hawezi kukubali nusu na kuacha nusu, awe amesoma au hakusoma. Na kwa faida ya wote, angependa kukisoma kifungu cha tisa, ukurasa wa tatu.

Mama Magadi alimgeukia wakili wake. Wakili alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwahi kumsomea kifungu hicho. Mkataba aliodhamiria kuuvunja wote asubuhi moja, ya nini kumsomea mwanamke wa watu mpaka vipengele vya ndani?

Mzee alisoma bila haraka.

"Mhamishaji wa hisa anajifunga kwamba kwa miaka ishirini tangu tarehe ya mkataba huu hatapika sabuni, hatauza sabuni, wala hatamfundisha mtu yeyote kupika sabuni, mahali popote, peke yake au pamoja na wengine, iwe kwa biashara au kwa matumizi ya nyumbani kwake."

Karani wa mahakama aliacha kuchapa. Mtu mmoja nyuma alisema "aisee" kwa sauti ya chini. Hata hakimu aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, akauomba ule ukurasa, akausoma mwenyewe kwa macho yake. Kifungu kile kiliandikwa na mtu anayemjua Mama Magadi, anayejua kwamba ukimnyang'anya kiwanda atainuka, na kwamba kuna kitu kimoja tu ukimnyang'anya hatainuka.

Bi Lebo alitazama ukuta.

Chumba kizima kilishtuka, msomaji, isipokuwa mtu mmoja. Mama Magadi aliona. Binti yake, safu ya tatu, hakushtuka. Machozi yalikuwa yamekoma, na alikuwa akiangalia sakafu kama mtu aliyekuwa akijua kwamba zamu ya ukurasa wa tatu itafika. Nilisoma, mama. Kurasa zote nne.

Alikuwa amekisoma. Alijua mama yake hana kusoma, hana kuandika, hana mume, hana kazi nyingine chini ya jua, ana sufuria na mikono miwili iliyoliwa na magadi. Alikisoma kifungu cha tisa mpaka nukta, kisha akalitia dole wino.

Hayo ndiyo yaliyomvunja Mama Magadi. Kiwanda hakikumvunja, wala rafiki. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili, na mtandio ukaanguka.

Wakili wake alikuwa amesimama tena, akimnong'oneza upesi kwamba hukumu bado haijatiwa sahihi, bado upo muda wa kufuta kauli, aseme neno moja tu la kweli.

"Mama," hakimu akasema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Ukiukubali mkataba huu umekikubali na hiki. Nakuuliza kwa mara ya mwisho kabla sijatia sahihi. Ulikubali kutopika tena sabuni?"

Mama Magadi hakumtazama hakimu. Alimtazama mwanawe. Hakuwa akiomba mengi. Alitaka ainue uso, watazamane, basi, hata asiposema neno.

Binti akainua uso. Wakatazamana. Polepole, binti akasimama, na chumba chote kikageuka.

Akachukua mkoba wake, akawapita watu wa safu ya tatu magoti kwa magoti, akaelekea mlangoni.

"Mama," hakimu akasema, "nakusubiri wewe."